Nani Asome Tangazo la Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza redioni nilikabidhiwa soksi. Ilikuwa nyeusi, imefuliwa, na Kaka Deo aliivalisha kipaza sauti kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto. "Ukitamka p na b unapuliza upepo," aliniambia. "Soksi inaumeza huo upepo. Ikitolewa, tangazo zima linasikika kama mtu anazima mshumaa." Mimi nilikuwa nimekuja na gauni la kanisani, nimejipaka mafuta mpaka viwiko, nikidhani redioni watu wanaonekana.

Jina langu mnalijua: Skolastika, dada Skola wa matangazo ya biashara. Nimestaafu juzi juzi tu, na nyie mliobaki kwenye kile chumba cha kurekodia mmeniomba niwaachie ninachokijua. Ya vyeo sitayagusa, maana cheo hakijawahi kumsaidia mtu kusoma tangazo. Ninachokijua ni kimoja, na nakijua vizuri: tangazo hili asome nani, mwanaume au mwanamke, na kwa nini. Nimelifanyia kazi swali hilo Mpanda hii tangu ukuta wa studio ulipokuwa umebandikwa trei za mayai na magodoro mawili, na mvua ikianza kupiga kwenye bati tunafunga kazi, tunakunywa chai.

Mwalimu wangu alikuwa Deo. Alikuwa Mfipa, besi wa kwaya, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba vikombe vya chai mezani vililia akisoma. Alinifundisha kunywa maji ya uvuguvugu na kuacha maziwa asubuhi, kwa sababu maziwa yanaweka utando kooni. Alinifundisha kwamba sekunde thelathini hazibebi zaidi ya maneno sitini, na mteja akileta mia moja, kazi yako ni kumnyang'anya arobaini huku anacheka. Alinifundisha kusoma kwa mtu mmoja, si kwa umati. Mtu hasikilizi redio akiwa umati. Anasikiliza akiwa anachambua mchele au anaziba pancha.

Ukutani palikuwa na ubao uliogawanywa kwa mstari wa chaki. Upande wa Deo: saruji, bati, pikipiki, mbegu, dawa za ng'ombe. Upande wangu: sabuni, vitenge, mafuta ya kula, saluni, shule za chekechea. Nilipouliza nani kapanga, Deo alisema hakuna aliyepanga, ndivyo masikio ya watu yalivyo. "Mtu anayejenga anataka aambiwe na mwanaume mwenzake," alisema. "Ukimwambia wewe anasikia utamu wa sauti, saruji haisikii." Nilikubali. Mgeni hapingani na ubao.

Ubao ulianza kunitia shaka kwenye pikipiki. Mwenye duka moja la pikipiki pale mjini alipata wazo: Deo asome tangazo lote, mimi nisome namba ya simu tu mwishoni, kwa madaha. Simu zilipigwa kweli. Zilipigwa mpaka betri ikaisha, na kila aliyepiga aliuliza yule dada yupo. Hakuna aliyeuliza pikipiki ina nguvu kiasi gani. Mwenye duka alikuja amenuna, nami nikajifunza kwamba kumfanya mtu ageuze shingo ni kazi moja, na kumfanya atoe pochi ni kazi nyingine kabisa.

Kisha likaja jiko banifu. Fundi wa jiko alitaka sauti ya mwanaume ili lionekane kitu cha kitaalamu, na Deo alilisoma vizuri sana, mkaa nusu, moshi hakuna, chakula chapuchapu. Wiki hiyo nilikuwa nasukwa kwa jirani hapa Kawajense, tangazo likapita redioni. Msusi akaacha kusuka. "Huyu baba," alisema, "amewahi kupika lini?" Wanawake wote watatu pale barazani wakacheka, na jiko likaishia hapo hapo. Nililisoma upya mimi, likauzwa. Deo alihamisha jiko upande wangu wa ubao.

La tatu lilikuwa mbegu za maharage, kwenye vijiji vya wenzetu wenye asili ya Burundi. Mbegu ni kilimo, kilimo ni cha Deo. Mbegu hazikuuzwa. Nilimfuata mfanyabiashara wa mbegu hadi sokoni nione kosa liko wapi, na mama mmoja mwenye rozari shingoni alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mbegu ya maharage kwetu anachagua mwanamke. Yule mwanaume wa redio alikuwa anaongea na nani?" Nilirudi nikamweleza Deo. Akafuta neno "mbegu" upande wake, akaandika "mbegu za mahindi". Alikuwa mtu wa kurudi nyuma hatua moja moja.

Basi nikawa na kanuni yangu, nikaishi nayo miaka: usiulize kitu ni cha kiume au cha kike, uliza nani anakishika kwa mkono. Ilinipa jeuri kidogo, sitaficha. Niliwaambia wateja ana kwa ana kwamba wamekosea, na mara nyingi walikuwa wamekosea. Halafu likaja tangazo la chanjo la Kibaoni.

Mama Shija alikuwa Msukuma mwenye duka la dawa za mifugo Kibaoni. Alikuja Mpanda Jumamosi moja, hakukaa hata kwenye kiti. Chambavu ilikuwa imeingia kwenye ndama wa huko. Kwa asiyejua: ndama mzima, aliyenenepa, anaamka anachechemea. Paja limevimba, ukilibonyeza linasikika kama unakunja karatasi kavu. Kesho yake amekufa. Mama Shija alikuwa amezungumza na bwana mifugo, chanjo ilikuwa njiani ndani ya kasha la barafu, na barafu ile ingeshika mpaka Jumamosi inayofuata, si zaidi. Chanjo ikipata joto inakuwa maji tu.

Kilichomtoa jasho hasa ni dada yake. Dada yake, Kabula, aliolewa na Mzee Maduhu, mfugaji mkubwa wa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Katika boma lile lililojaa ng'ombe, wa Kabula alikuwa mmoja: mtamba mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, aliyepewa na mumewe siku binti yao alipoolewa.

"Zile zingine zote ni za ukoo," Mama Shija alituambia. "Huyu mtamba ndiyo wake. Akifa huyu, dada yangu hana kitu anachosema hiki changu."

Niliuliza kama angependa tangazo nisome mimi, au tugawane na Deo. Alinitazama kwa huruma.

"Hapana, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma chao. "Mimi mwenyewe ni mwanamke nauza dawa, na mwanaume akiingia dukani ananiuliza mwenye duka yuko wapi. Wekeni mwanaume. Tena mzito."

Kwa mara ya kwanza kanuni yangu na ya Deo zilikubaliana. Ng'ombe wa Wasukuma anashikwa na mwanaume, asome mwanaume. Niliandika maneno mimi, Deo akasoma, mimi nikabonyeza mashine. "Wafugaji wote mnatangaziwa kwamba siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, mifugo yote ifikishwe kwenye josho kwa ajili ya chanjo, bila kukosa." Hilo "bila kukosa" niliongeza kwa sababu zilibaki sekunde mbili. Nilivua spika za masikioni nikampongeza. Lilikuwa tangazo safi.

Jumatatu gari lenye spika juu ya paa lilizunguka Kibaoni na sauti ya Deo kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama. Jumatano, saa mbili asubuhi, Mama Shija alipiga simu.

"Josho tupu," alisema. "Nina mbuzi saba hapa na bwana mifugo. Maboma yako matupu, mayu. Wameondoka jana alfajiri, wameshuka bondeni na ng'ombe zote."

"Kwa nini?"

"Wamesikia mwanaume kwenye spika."

Ilibidi anieleze, na nilipoelewa niliona aibu. Watu wale walikuja na ng'ombe zao kutoka mbali, kaskazini huko, na wamekwisha kuhamishwa zaidi ya mara moja. Kila mara jambo lilianza vile vile: gari, spika, mwanaume mwenye sauti nzito, "wafugaji wote", siku na saa. Hajawahi kuja mwanaume wa namna hiyo akawaletea kitu cha kununua. Neno "chanjo" lilikuwamo, ndiyo, lakini walilisikia wakiwa tayari wanafungua mazizi. Na "bila kukosa" yangu ilimalizia kazi. Mtamba wa Kabula alikuwa kwenye msafara ule, ametembezwa siku nzima juani.

Alhamisi alfajiri tuliondoka Mpanda, Deo akiendesha. Njia nzima hakuimba, naye ni mtu wa kuimba barabarani. Mimi nilikuwa na hamasa. Nilijua dawa: mwanaume amewatisha, basi aende mwanamke. Sikuandika hata upya. Nilichukua maneno yale yale, nikapunguza ukali, nikayasoma kwa sauti yangu iliyouza sabuni nusu ya mkoa huu, na mziki laini chini yake.

Hakuna aliyekimbia. Hilo nililiweza. Tulipopita kwenye mashine ya kusaga, wazee waliokuwa wamerudi kutazama hali walibaki wamekaa na fimbo zao, wakatusikiliza hadi mwisho. Kisha mmoja mrefu, mwenye koti la mvua siku isiyo na wingu, akasogea dirishani. Alikuwa Mzee Maduhu mwenyewe.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe si yule wa sabuni?"

"Ndiye mimi, baba."

"Sabuni yako nzuri, tunatumia." Aliwageukia wenzake. "Sasa amehamia kwenye ng'ombe."

Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Mwanaume walimwogopa, wakakimbia. Mimi hawakuniogopa, na hawakuniamini hata kidogo. Nilitegemea Deo aseme, "Nilikwambia." Alizima gari tu, akaomba maji ya kunywa.

Maji yalitoka kwa Kabula. Boma lao lilikuwa hatua chache kutoka pale, na yeye alikuwa amerudi na wajukuu wakati vijana wako bondeni na ng'ombe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, na alinipa kikombe kwa mikono miwili. Nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza Jumamosi iliyopita nikiwa bado Mpanda.

"Mama, ndama akiumwa, nani anajua wa kwanza?"

"Ni mimi," alisema, akishangaa naulizaje. "Ng'ombe ni za mzee, yeye anazihesabu jioni. Ila ndama zinalala hapa nyuma ya jiko langu. Asubuhi nawatoa mimi, naona nani hajanyonya, nani anachechemea. Mzee anaambiwa."

"Anaambiwa na nani?"

"Na mimi."

Chambavu inaua ndama na mitamba, ng'ombe wakubwa inawaacha. Sisi tulikuwa tunapiga kelele kwa wenye fimbo, na mgonjwa yuko nyuma ya jiko. Kanuni yangu ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeitumia kwa uvivu. Niliona "ng'ombe" nikaona mwanaume, kama ubao ulivyoniambia.

Nililitupa lile tangazo. Kabula akaongea, nikaandika nyuma ya daftari la mjukuu wake, kwa maneno yake mwenyewe. Studio ilikuwa gari letu: vioo vimefungwa, blanketi juu ya kichwa changu na cha Deo, yeye ameshika kinasa sauti, jasho linatudondokea wote wawili. Sauti ya sabuni niliiacha. Nilisoma kwa sauti niliyokuwa nikisomea tanzia nilipoanza kazi, ya chini, isiyobembeleza. Hakuna mziki.

"Mama, mimi naitwa Skolastika, niko hapa Kibaoni. Ndama wako ameamka anachechemea? Mbonyeze paja. Ukisikia linalia ndani kama karatasi, huyo ameshashikwa. Waliobaki bado wanaweza kupona. Chanjo iko josho, kesho na keshokutwa, barafu ikiisha imeisha. Mwambie mzee kama unavyomwambia siku zote. Hakuna anayehamishwa."

Deo alisikiliza mara mbili. "Umesahau kutabasamu," alisema.

"Sijasahau."

Aliitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kufunga spika. Alhamisi ile tulizunguka mpaka jua likazama, na tangazo tukalituma redioni kwa simu likapigwa kwenye kipindi cha salamu, kwa sababu hata bondeni vijana wanachunga na redio begani.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimesimama josho na Mama Shija, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Alikuwa anafungua kasha la barafu na kulifunga, anafungua na kulifunga, mpaka bwana mifugo akamwomba aliache. Kisha tukaona vumbi. Walikuwa wanawake na wasichana, wameswaga ndama na mitamba, wengine wamewafunga kamba, wamewavuta kutoka bondeni tangu alfajiri. Wanaume walikuja nyuma yao, mbali kidogo, kila mmoja na sababu yake. Mmoja alikuja kutafuta kamba yake. Mwingine alikuja kuona kama josho lina maji. Mzee Maduhu alisema amepita tu, akakaa pale saa nne nzima akihesabu ndama wake wakipita mmoja mmoja kwenye kibanio, ule uchochoro wa mbao wa kuchanjia, na kila alipokosea hesabu alimwuliza mjukuu wake wa kike.

Nilifurahi, na sioni aibu kusema. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata siku ambayo nimeona kwa macho yangu maneno yangu yakitembea kwa miguu minne. Bwana mifugo alichoka mkono, akahamia wa kushoto. Nyie mkiletewa tangazo, mteja akasema anataka sauti nzito ya kiume ili aaminike, msimbishie kwa ubishi tu, wala msimkubalie kwa heshima tu. Mwulizeni mara ya mwisho watu wale waliposikia sauti ya namna ile iliwaambia nini. Sauti ya mwanaume inafika ikiwa imebeba yote ambayo wanaume waliotangulia wamesema kwa sauti hiyo, na ya mwanamke vile vile. Mimi nilifika nimebeba sabuni. Ilibidi niitue kwanza.

Jua lilikuwa limeinama Kabula alipofika. Alikuwa amewapeleka wengine kwanza, ndama wa ukoo, wa mumewe, akarudi kumchukua wake. Mtamba mwekundu alikuja kwa kamba, polepole, mguu wa nyuma wa kulia haukanyagi sawa. Mama Shija alimwona kutoka mbali akaacha alichokuwa anafanya. Bwana mifugo hakumwingiza kwenye kibanio. Alichuchumaa, akamgusa paja, nasi wote tuliokuwa karibu tukasikia ile karatasi.

"Chanjo ni ya mzima, mama," alisema. "Huyu nitampiga sindano ya dawa. Siahidi."

Mtamba yule alikufa usiku wa siku hiyo. Lakini saa ile alikuwa bado amesimama, na Kabula alikuwa amemwekea mkono shingoni.

"Jumanne alitoka nyumbani mzima," aliniambia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananieleza tu. "Ungetangulia wewe kuja, angechanjwa Jumatano."

Nilisema pole. Deo alikuwa ameinama kwenye betri ya spika, hatua kumi kutoka pale. Aliacha bisibisi chini, akaja akasimama mbele ya yule mama, akavua kofia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ile sauti ya Jumatatu ni ya kwangu."

Kabula alimtazama juu mpaka chini, bila haraka, huku anampapasa mtamba wake.

"Nimeijua ulipofungua mdomo," alisema. "Ni sauti nzuri, baba. Tuliikimbia wote."